Makaburi Mafupi Nyuma ya Kibla

Jirani yangu anajenga. Tangu wiki iliyopita vibarua wake wanakoroga saruji chini ya dirisha langu la jikoni, na kila harufu ile inapoingia ndani, harufu baridi ya unga wa mawe uliotiwa maji, mimi huacha ninalolifanya nikasimama. Jana niliunguza mchuzi. Watoto wangu walinicheka, nami nikawaacha wacheke. Ningewaambia nini? Kwamba mara ya kwanza kuivuta harufu hiyo nilikuwa mtoto wa miaka tisa, peke yangu, nimeshika ufagio wa chelewa mkononi, nikaamini kwamba ndiyo harufu ya mauti yenyewe?

Kwetu ni kijiji kidogo kati ya Gazi na Msambweni, upande wa baharini wa barabara kuu. Tulikuwa na misikiti miwili. Mmoja ulikuwa wa matofali, kando ya barabara, wenye mabati ya kijani na kipaza sauti. Huo ndio walioswalia wanaume. Wa pili ulikuwa chini kabisa, ndani ya msitu unaopakana na ufuo, na hakuna aliyeweza kukwambia kwa yakini umejengwa na nani. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe, nene hata nikinyoosha mkono wangu wote dirishani vidole havikufika nje. Paa lilikuwa limeanguka kabla bibi yangu hajazaliwa. Lakini kibla ilisimama nzima: tao la jiwe lililochongwa mfano wa kamba iliyosokotwa, na juu yake vishimo vya duara ambamo, alivyosema Bibi, zamani mlikaa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, mpaka wakaja watu wakayabandua wakaenda nayo. Ubavuni kulikuwa na kisima, na kando ya kisima jiwe la kusugulia miguu, limelika katikati kwa nyayo za watu wasiojulikana hata majina.

Sisi ndio tulioufagia. Ilikuwa kazi ya wanawake wa ukoo wa baba yangu, mama kwa mtoto, kila Alhamisi: kufagia sakafu, kung'oa miche inayootea ukutani, kufukiza ubani ndani ya kibla na kuwasomea fatiha waliolala nyuma yake. Wanaume hawakuupenda ule ubani. Katika msikiti wa barabarani walikuwa wamefundishwa kwamba ni ushirikina, na taratibu wakaacha kuteremka. Njia ya kwenda msikiti wa kale ikawa njia ya wanawake, kisha ikawa njia ya Bibi na mimi tu.

Nyuma ya kibla ndipo palipokuwa na makaburi. Makubwa yalikuwa ya kale kama msikiti wenyewe, yamejengewa kwa chokaa. Madogo yalikuwa ya watoto wachanga wa kijijini, kwa kuwa desturi ilikuwa kuwalaza karibu na ukuta, na kila moja lilikuwa na jiwe fupi lililosimamishwa kichwani. Moja katika hayo lilikuwa la mdogo wangu, aliyezaliwa hana pumzi. Nililijua vizuri. Bibi alikuwa amenifundisha kulimwagia maji kwanza, kabla ya mengine, "kwa sababu huyu ni wetu, na hakupata hata kunyonya."

Wenzangu mliokulia pwani ya kusini miaka ile mtaukumbuka mwaka wa vurugu. Ulianzia Likoni ukateremka mpaka Ukunda na huku kwetu. Watu wa bara walikimbia, nyumba zikachomwa, na baada ya waliochoma wakaja wenye bunduki kuwatafuta waliochoma, wakachukua yeyote waliyemkuta. Walimchukua Baba. Alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, mtu wa kupiga pasi mashuka, na siku aliyochukuliwa alikuwa anatoka kazini. Alirudi baada ya siku tisa. Miguu ilikuwa imevimba na hakutaka kuulizwa. Wazungu waliacha kuja, hoteli ikawafukuza wafanyakazi, naye akawa anashinda nyuma ya nyumba akilima mihogo, na akisikia gari barabarani husimama na jembe juu, halishuki mpaka gari lipite. Hata msikitini aliacha kwenda. Alisema watu wakikusanyika wanaandikwa majina.

Kisha ikaja ile mvua. Hiyo nayo mnaikumbuka. Ilinyesha wiki juu ya wiki, visima vikafurika, barabara ya Vanga ikakatika, vyura wakaingia mpaka jikoni. Na katikati ya mvua ile Mama alikuwa mja mzito, mimba ya kwanza baada ya yule aliyelala nyuma ya kibla.

Bibi alimlinda kama yai. Mama hakuruhusiwa kuteremka msikitini wala kupita penye makaburi. Nami nilipewa onyo langu. "Sikiliza, mke mwenza," Bibi aliniambia. Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu, kwa kuwa babu marehemu alikuwa akiniita mke wake. "Mja mzito hatajiwi kifo. Neno baya huingia sikioni likaenda kukaa tumboni. Ukiona baya, ukisikia baya, meza."

Nikasema, "Nitameza, Bibi."

Mvua ilimkaza Bibi goti. Alhamisi moja alishindwa kuinuka kitandani, akanipa ufagio, chetezo na kipande cha ubani kilichofungwa kwenye karatasi, akanituma peke yangu. Nilifurahi. Nilijiona nimekuwa mtu mzima. Nilifagia ndani, nikafukiza, kisha nikazunguka nyuma na kopo la maji.

Nilianza kuisikia harufu kabla sijaona kitu. Halafu nikakiona: kijiwe cheupe, cha mraba, kinachonifika gotini, kimesimama hatua mbili tu kutoka kwa mdogo wangu. Hakikuwa cha matumbawe. Kilikuwa cha saruji, bado kibichi, na juu yake mtu alikuwa amechora herufi na tarakimu kwa msumari. Kule kanisani kwa watu wa bara nilikuwa nimewahi kuona kaburi la saruji lenye maandishi, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Nikatazama mbele. Kwenye kona ya msitu kulikuwa na cha pili. Ng'ambo ya kisima, cha tatu. Na upande wa bahari, chini ya mkoko wa mwisho, palikuwa na shimo jembamba lililochimbwa vizuri, limejaa maji ya mvua, halina kitu.

Nilikaa chini. Kijijini hakukuwa na msiba. Hatukuwa tumesikia kilio wala hatukuwa tumepika chakula cha matanga. Makaburi matatu ya watoto, na hakuna mtoto aliyekufa. Basi, nikawaza, hawa bado hawajafa. Wanachimbiwa mapema. Nikawahesabu kwa vidole waja wazito wa kijiji chetu, nilivyowajua kutoka kisimani. Walikuwa wanne. Watatu wamekwisha wekewa mawe, na shimo limebaki moja.

Leo najua watu wazima watanikatiza hapa: mtoto mwenye akili angerudi akauliza. Lakini nilikuwa nimeapa kumeza. Na wazo lenyewe lilinijia likiwa limekamilika, halina ufa wa kuingizia swali. Nikafanya lile nililoweza. Nilivunja matawi ya mkanju, nikakusanya majani ya mivumo na makuti makavu, nikayafunika mawe yote matatu moja baada ya jingine, mpaka yakawa kama vichaka vidogo. Nia yangu ilikuwa Mama asiyaone ikitokea akapita. Shimo nililifukia kwa mchanga wa ufuoni, nikiuchota kwa lile kopo la kumwagia maji makaburi, huku nasoma fatiha kwa kurudiarudia kwa kuwa sikujua dua nyingine.

Wiki iliyofuata Bi Mishi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaharibikiwa na mimba. Wanawake walisema ni malaria. Mimi nilijua ni jiwe la pale kisimani.

Niliporudi Alhamisi hiyo shimo lilikuwa limechimbwa tena, refu kuliko mwanzo. Palikuwa na nyayo za viatu vya mpira na kipande cha kamba nyekundu. Nikalifukia tena. Mikono yangu ilichubuka. Siku nne baadaye nikatoroka shule nikaenda kuliangalia, nikalikuta liko vile nilivyoliacha, nikalishukuru. Nikaongeza majani juu ya mawe. Alhamisi ya tatu Bibi alipata nafuu, akateremka nami kwa kuegemea fimbo. Alikaa ndani ya kibla kwa muda mrefu, akazunguka nyuma, akamwagia maji mdogo wangu, akasimama akatazama huku na huko. Tukarudi nyumbani, nami nikamhimidi Mungu kwamba kazi yangu ya kuficha ilikuwa nzuri.

Jumatano iliyofuata, jioni, Mama alishikwa na maumivu. Alilala kwa ubavu, ameuma ncha ya leso, na Bibi akanitoa nje. Sikusubiri. Nilikimbia mpaka msikiti wa kale, na pale chini ya mkoko, penye shimo nililolifukia mara mbili, palikuwa pamesimama jiwe la nne. Lilikuwa bichi. Nililigusa likaacha alama ya vidole vyangu.

Nilipanda njia nikilia kwa sauti, na wa kwanza kunikuta alikuwa Mama Muthoni. Huyu alikuwa mtu wa bara, mkulima, aliyepewa shamba na serikali zamani huko juu ya barabara, akiuza sukumawiki na nyanya kwa ndoo kichwani. Wakati wa vurugu alilala siku mbili na watoto wake ndani ya stoo yetu ya nazi. Bibi ndiye aliyewaficha, na akawa anapeleka uji humo kama apelekaye maji kwa kuku. Tangu alipotoka, yeye na Bibi hawakuwa wamezungumza tena mbele ya watu. Ilikuwa hatari kwa wote wawili.

"Unalilia nini wewe?" aliniuliza, akatua ndoo.

"Mtoto wa mama ameshazikwa."

"Mama amejifungua?"

"Bado."

"Sasa amezikwa aje na hajazaliwa?"

Yeye hakuwa wa kwetu. Nikaona kiapo changu hakimfungi. Nikamwambia yote: mawe, shimo, majani, Bi Mishi. Alinisikiliza ametumbua macho, kisha akatazama barabara juu na chini. "Mimi nikionekana huko chini," alisema polepole, "watasema ni mambo ya watu wangu." Akasimama kidogo. Halafu akajifunga leso kiunoni. "Haya. Nionyeshe haraka."

Aliyachakura majani yangu kwa mguu. Alipoliona jiwe hakushtuka kama nilivyotarajia, alichoka. Ndiyo, uso wake ulichoka ghafla. Aliinama akayasoma maandishi, akaenda kwenye la pili, akasimama akipima kwa macho mstari unaoliunganisha na la tatu, na mstari ule ulipita mbele ya mlango wa msikiti ukauacha wote ndani.

"Hii si kaburi, mtoto," alisema. "Hii ni bikoni. Ni ya mpima mashamba. Mtu amejikatia hapa ploti, kutoka hapa mpaka maji, na hiyo msikiti yenu iko ndani." Akanishika bega. "Nani mwingine ameziona?"

"Hakuna. Nimezifunika."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu."

Akafumba macho. Hakunigombeza. Alinishika mkono tukapanda pamoja mpaka uani kwetu, na mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia, akamwita Bibi kwa jina la heshima na kumweleza. Bibi alisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha Mama. Maumivu ya Mama yalikuwa yametulia. Mtoto alikuwa hai, anacheza. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilimtazama Bibi usoni, nikajua kwamba kilichokuja ni kingine, na kwamba nilikuwa nimekifungulia mlango.

Asubuhi yake wanawake saba walikwenda ofisi ya chifu. Hakuna mwanamume aliyethubutu. Bibi alinichukua niwe macho yake, kwa kuwa hakujua kusoma herufi za kizungu. Chifu hakuwepo. Karani alikuwa kijana mpole mwenye kola safi, akaamkia, "Shikamooni," akatuonyesha nje tangazo lililopigwa na mvua ubaoni.

"Lilikuwa hapa siku zote hizo, mama zangu. Mwenye pingamizi alitakiwa aje."

"Limeandika nini?" Bibi aliuliza.

Karani akasoma kwa sauti ya chini, kama anayeona haya. "Kichaka. Hakuna jengo, hakuna kaburi, hakuna anayepatumia."

"Msikiti ule una miaka mingi kuliko serikali yenu na ile iliyoitangulia," Bibi alisema. "Nyinyi mmeuona kichaka?"

"Mimi sikwenda, bibi. Mpima alikwenda mara kadhaa, anasema hakukuta mtu."

"Na mwisho wa kupinga ni lini?"

"Ulikuwa Ijumaa iliyopita."

Nilianza kuhesabu siku kwa vidole nyuma ya mgongo wangu. Wiki tatu zilianzia wapi, Ijumaa ile ilikuwa wapi. Zilibaki siku nyingi sana. Zilitosha kwenda na kurudi Kwale mara kumi. Nilihesabu tena ili nipate jibu jingine, na sikulipata.

Jioni Bibi alimwendea Baba nyuma ya nyumba. Nilikuwa karibu, napepeta mchele.

"Wanakuja na tingatinga, Bakari. Keshokutwa. Mtoto wa Mama Muthoni amewasikia vibarua huko Ukunda."

Baba aliendelea kulima.

"Sisi tutakwenda kukaa ndani," Bibi akasema. "Wanawake. Lakini wakituuliza nani anaswali hapa, tutasema nani? Mapopo?"

"Mama, nikienda pale na wanaume kumi, kesho yake tuko ndani ya lori. Wewe huyajui ya ndani ya lori."

"Siyajui," Bibi alikubali. "Sikulaumu, mwanangu." Na ile sauti yake ya kutolaumu ilikuwa mbaya kusikia kuliko matusi.

Siku waliyokuja na tingatinga mvua ilikatika, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na ule utulivu ulitisha. Kunguru walikuwa wamejipanga juu ya kuta. Wanawake walikuja kumi na watatu, wakaketi sakafuni mikeka haijakauka. Mama naye alikuja. Bibi alimkataza akakataa kukatazwa: "Mwanangu yuko nyuma ya ukuta ule. Nitakaa wapi?" Tuliisikia tingatinga kabla ya kuiona, ikiponda miti midogo njiani. Iliposimama uwanjani, ardhi iliendelea kutetemeka chini yetu, na mchanga ukawa unachuruzika kutoka kwenye vishimo vya kibla, kidogo kidogo, ukimwangukia Bibi begani.

Msimamizi alikuwa mtu mnene mwenye mwavuli na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Hakupiga kelele. "Mama zangu," alisema, "hapa ni ploti ya mtu. Ana hati. Mimi nimeajiriwa tu."

"Na nyumba ya Mungu ni ploti ya nani?" Bibi akamuuliza.

"Hii ni magofu, mama. Hakuna anayeswali hapa. Hata waume zenu wanajua." Akatazama saa. "Nawapa mpaka saa sita mpumzike. Baada ya hapo mimi sitajibu lolote litakalomwangukia mtu."

Tukakaa. Dereva wa tingatinga alikuwa juu ya kiti chake, kofia imeshushwa machoni, injini inanguruma. Mama alinishika mkono. Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika kwenye meno yangu. Saa sita ilifika nasi tukaiona inafika, kwa kuwa kivuli cha ukuta kilikuwa kimejikunja chote chini ya ukuta, na msimamizi akafunga mwavuli wake akamwinulia dereva mkono.

Ndipo adhana ikatoka kisimani.

Haikutoka kwenye kipaza sauti. Ilikuwa sauti ya mtu tu, yenye kukwaruza, imetetemeka kwenye neno la kwanza ikakaribia kukatika, kisha ikajishika. Sikuitambua. Bibi aliitambua kabla yetu sote. Alijifunika uso kwa ukaya wake. Baba alikuwa amesimama juu ya lile jiwe la kusugulia miguu, miguu imelowa, vidole masikioni, amefumba macho kama mtu anayengoja kupigwa. Hakuna aliye hai aliyewahi kusikia adhana mahali pale. Kunguru waliruka wote.

Alipoimaliza Baba hakuteremka jiweni. Kisha tukawasikia. Walikuwa wanateremka njia ya wanawake, viatu mkononi kwa sababu ya tope, bila kutazamana: mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, yule aliyekuwa akiuita ubani wetu ushirikina, na nyuma yake mvuvi mmoja, na muuza duka, na wengine, mpaka nikaacha kuhesabu. Walichota maji kisimani wakatia udhu. Sisi wanawake tulisogea nyuma. Wakajipanga mbele ya kibla.

Dereva alizima injini. Aliteremka, akavua kofia, na alipozungumza lafudhi yake ilikuwa ya Vanga. "Shikamoo, bibi," alimwambia Bibi. "Ndoo ya udhu iko wapi?" Akaswali katika safu ya mwisho, na viatu vyake vikubwa akaviacha mlangoni. Alipotoa salamu alimwendea msimamizi. Nilikuwa karibu nikamsikia. "Mimi nimeswali humu. Chuma changu hakipiti hapa. Tafuta dereva mwingine." Akaiacha tingatinga pale pale, akaondoka kwa miguu.

Waliswali hapo vipindi vitano kila siku kwa zaidi ya miezi miwili, mvua iwapo na isiwepo. Wengine waliitwa kuhojiwa. Baba aliitwa mara mbili, na mara zote mbili alivaa kanzu akaenda, na mara zote mbili alirudi. Mwisho wakaja wakubwa, wakapima upya, wakatuachia msikiti, kisima na njia ya kupita mtu mmoja. Vilivyobaki vilikwenda. Ua wa waya ulisimamishwa hatua moja kutoka ukuta wa kibla. Na katika wiki moja ambayo mvua ilirudi kwa nguvu ikawafungia watu majumbani, mtu aliyasawazisha makaburi yote ya upande wa pili wa ua, la mdogo wangu likiwemo. Tulipoteremka palikuwa pamelala mchanga mtupu, umepigwa laini, kama kitanda kilichotandikwa. Mama alijifungua mtoto wa kike siku kumi baadaye, mzima, mwenye kelele. Alimnyonyesha huku analia, na watu wakadhani analia kwa furaha.

Nilikaa na langu mpaka mtoto alipofika arobaini. Siku hiyo Bibi alikuwa uani anapaa samaki kwa ajili ya wageni. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia kwamba ni mimi. Kwamba niliyaona mawe tangu Alhamisi ya kwanza. Kwamba niliyafunika kwa majani. Kwamba siku zilikuwepo, nami nilizimeza.

Aliendelea kupaa. Magamba yalikuwa yanaruka yakinata kwenye mikono yake.

"Niliyaona majani yako," alisema.

Sikuelewa.

"Siku ile niliyoteremka na fimbo. Niliviona vifungu vitatu vya majani. Nikasema moyoni, mtoto anacheza vibanda. Nikafurahi hata, maana mwaka ule hamkuwa mnacheza." Kisu kilikuwa kinakwenda na kurudi. "Ilikuwa ni kuinama tu nikafunua. Sikuinama. Goti lilikuwa linauma."

"Bibi..."

"Wewe ulikuwa mtoto uliyeambiwa meza. Aliyekwambia ni nani?" Akameza mate. "Mamako asijue. Jambo hili si lako kumwambia, wala si langu. Atatusamehe haraka mno, halafu atabaki nalo peke yake."

Nilivuta beseni nikae nimsaidie. Hapo ndipo nilipotazama chini, nikaona kwamba muda wote ule alikuwa anampaa samaki mmoja yule yule, mpaka ngozi imekwisha na nyama inatoka chini ya kisu.